Tovuti Zinapogoma Kufunguka Nyumbani: Namna ya Kutambua na Kurekebisha Hitilafu za Seva ya DNS

Na Mwandishi Wetu

Kadiri huduma za umma zinavyozidi kutolewa kwa njia ya mtandao, kukosekana kwa intaneti nyumbani kumekoma kuwa usumbufu wa burudani pekee. Mwanafunzi anayejaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, mfanyabiashara anayehitaji namba ya kumbukumbu ya malipo kabla tarehe ya mwisho haijapita, na mzazi anayetafuta matokeo ya mtihani wa mwanawe, wote hutegemea jambo moja lisiloonekana kwa macho: uwezo wa kifaa chao kuligeuza jina la tovuti kuwa namba.

Kazi hiyo hufanywa na mfumo wa majina ya mtandao, unaojulikana kwa kifupi chake DNS. Mfumo huo ukikwama, intaneti huonekana imekatika yote, hata kama waya, ruta na kifurushi vyote ni vizima. Makala haya yanaeleza namna mwananchi aliyeweka seva yake ya DNS nyumbani anavyoweza kulitambua tatizo, kulirekebisha kwa hatua zenye mpangilio, na kujilinda dhidi ya wanaoutumia mfumo huo kwa utapeli.

DNS ni nini, na kwa nini iwekwe nyumbani

Kompyuta hazitambuani kwa majina bali kwa anwani za namba. Zamani majina yote ya mtandao yaliorodheshwa katika faili moja lililotunzwa na taasisi moja ya utafiti huko California, Marekani. Mtandao ulipokua, utaratibu huo ukashindwa kubeba mzigo. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni DNS, na viwango vyake vilivyoboreshwa mwaka 1987 ndivyo vilivyo msingi wa mfumo unaotumika hadi leo.

Utafutaji wa jina huenda kwa ngazi. Mtu anapoandika anwani ya tovuti inayoishia na go.tz, swali huanzia kwenye seva za mzizi, ambazo zina majina 13 kuanzia herufi A hadi M, huelekezwa kwa wasimamizi wa .tz, kisha kwa seva inayohifadhi jina la taasisi husika. Jibu likipatikana huwekwa akiba kwa muda uliopangwa, ili swali lilelile lisirudie safari nzima.

Seva ya DNS ya nyumbani ni programu inayofanya kazi hiyo ndani ya mtandao wa kaya. Inaweza kuwa ndani ya ruta yenyewe, au katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye programu kama dnsmasq, Unbound, Pi-hole au AdGuard Home. Wengi huiweka kwa sababu tatu: kuzuia matangazo yanayomaliza kifurushi, kuwakinga watoto dhidi ya tovuti zisizofaa, na kuvipa majina vifaa vya nyumbani kama printa na kamera. Pamoja na faida hizo, seva hiyo ikianguka, nyumba nzima huanguka nayo.

Maliza shughuli ya haraka kwanza

Iwapo kuna shughuli yenye ukomo wa muda, usianze na ukarabati. Tumia data ya simu, au ingia katika mipangilio ya Wi-Fi ya kifaa kimoja na uweke kwa muda anwani ya seva ya DNS ya umma, kama vile 8.8.8.8, 1.1.1.1 au 9.9.9.9. Tovuti zikifunguka, umepata mambo mawili kwa pamoja: shughuli yako imekamilika, na umethibitisha kuwa kasoro iko kwenye seva ya nyumbani au katika njia ya kuifikia. Baada ya hapo rudisha mipangilio ya awali na uanze uchunguzi kwa utulivu.

Katika mifano inayofuata, ruta ina anwani 192.168.1.1 na seva ya DNS ina anwani 192.168.1.10. Msomaji aweke anwani za nyumbani kwake.

Hatua ya kwanza: Je, ni intaneti au ni majina?

Fungua dirisha la amri katika kompyuta na uandike:

ping 8.8.8.8

Kisha uandike:

ping www.tanzania.go.tz

Amri ya kwanza ikikosa majibu, jaribu ping 192.168.1.1. Ruta ikijibu, ilhali namba ya nje haijibu, tatizo liko kati ya nyumba na mtoa huduma au mbele zaidi, na seva yako haina kosa. Mwezi Mei 2024, kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom kulipunguza kasi ya intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Hali ya namna hiyo hairekebishwi kwa kubadili mipangilio ya nyumbani.

Amri ya kwanza ikijibiwa, na ya pili ikaeleza kuwa jina halikupatikana, hapo kasoro ni ya majina. Jina likigeuzwa kuwa namba, lakini majibu ya ping yasirudi, DNS imetimiza wajibu wake. Baadhi ya seva huzuia ping kwa makusudi, hivyo ukimya huo peke yake si ushahidi wa hitilafu.

Jambo moja zaidi la kuzingatia: ikiwa ni tovuti moja tu isiyofunguka, huenda kasoro iko kwa mwenye tovuti. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka mtandaoni duniani kote kwa takribani saa sita. Seva za majina za kampuni hiyo zilikuwa zinafanya kazi, lakini kosa katika matengenezo lilifanya zisifikike. Aliyeibomoa na kuijenga upya seva yake siku hiyo alijichosha bure.

Hatua ya pili: Kifaa kinamuuliza nani?

Ruta hugawa anwani kwa vifaa kupitia huduma iitwayo DHCP, na katika mgao huo hukieleza kila kifaa ni seva ipi ya kuuliza majina. Katika Windows andika ipconfig /all, na katika Linux nyingi za sasa andika resolvectl status. Katika simu, angalia maelezo ya mtandao wa Wi-Fi uliounganishwa.

Ukiona anwani ya kifaa inaanza na 169.254, kifaa hakikupata mgao wowote kutoka kwenye ruta, na tatizo ni la DHCP. Ukiona anwani ya seva ya DNS ambayo si 192.168.1.10, kifaa hakiiulizi seva yako kabisa. Zima na uwashe Wi-Fi ya kifaa ili kichukue mgao mpya, kisha ukague mipangilio ya DHCP katika ruta.

Hatua ya tatu: Je, seva ipo mahali pake?

Andika ping 192.168.1.10. Isipojibu, chunguza umeme, kebo na taa za kifaa kabla ya kitu kingine.

Ikiwa kifaa kimewaka lakini hakijibu, chunguza kama kimehama anwani. Umeme unapokatika na kurudi, ruta inaweza kuanza kugawa anwani upya, na seva iliyokuwa 192.168.1.10 ikajikuta 192.168.1.23. Vifaa vyote huendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Tiba yake ni kuihifadhia seva anwani ya kudumu ndani ya ruta, au kuiandika moja kwa moja katika seva yenyewe, nje ya orodha ya anwani zinazogawiwa ili zisigongane.

Kifaa kikishindwa kabisa kuwaka baada ya umeme kukatika, chunguza kadi ya kumbukumbu. Kompyuta ndogo zinazotumia kadi hizo huweza kuharibikiwa mafaili umeme unapokatika wakati wa kuandika taarifa. Nakala ya mipangilio iliyohifadhiwa kwingine huokoa kazi ya siku nzima.

Hatua ya nne: Soma jibu la seva

Seva ikifikika, iulize moja kwa moja:

nslookup www.tanzania.go.tz 192.168.1.10

Majibu ya seva yana maana mahususi, na kila moja huelekeza kwenye chanzo tofauti.

Ukimya hadi muda kwisha. Huduma ya DNS haijaanza, au imezuiwa na ukuta wa ulinzi. DNS husikiliza katika mlango namba 53, kwa njia za UDP na TCP zote mbili. Katika seva ya Linux andika sudo ss -lntup na utafute mstari wenye :53. Usipouona, anzisha upya huduma na usome kumbukumbu zake za makosa. Ukiuona kwa 127.0.0.53 pekee, hiyo ni huduma ya systemd-resolved inayohudumia kompyuta hiyo tu. Wakati mwingine huduma hiyo hugombania mlango na programu yako, na ndiyo huizuia kuanza.

REFUSED. Seva iko hai lakini imekataa kukuhudumia. Mara nyingi hutokea baada ya kubadilisha ruta au mtoa huduma, ambapo mtandao wa nyumbani huhama, kwa mfano, kutoka anwani za 192.168.1 kwenda 192.168.100. Orodha ya wanaoruhusiwa kuuliza bado inataja mtandao wa zamani. Irekebishe orodha hiyo. Usiifungue kwa watu wote.

NXDOMAIN. Seva inasema jina halipo. Kagua tahajia kwanza. Ikiwa seva yako huzuia matangazo, kagua pia kama jina limeingia katika orodha ya yanayozuiwa. Baadhi ya programu, Pi-hole ikiwamo, badala ya kusema jina halipo hutoa anwani 0.0.0.0. Kumbuka pia kwamba jibu la kutokuwapo nalo huwekwa akiba. Tovuti iliyosajiliwa leo inaweza kuendelea kuonekana haipo mpaka muda wa akiba hiyo uishe au uifute mwenyewe.

SERVFAIL. Seva imejaribu kutafuta ikashindwa. Huenda seva ya juu inayotegemewa haijibu, au majibu yamekataliwa kwa kushindwa uhakiki wa usalama.

Mtego wa saa baada ya umeme kukatika

Jibu la SERVFAIL lina chanzo kimoja kinachowasumbua wengi katika maeneo ambayo umeme hukatika mara kwa mara. Ili kuzuia majibu ya kughushi, seva nyingi huhakiki saini za kidijitali zilizowekwa kwenye majina kwa utaratibu uitwao DNSSEC, ambao mzizi wa mfumo ulianza kuutumia rasmi Julai 2010. Saini hizo zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa hiyo, mhakiki asiyejua tarehe ya leo hawezi kuthibitisha chochote.

Kompyuta ndogo nyingi, yakiwamo matoleo mengi ya Raspberry Pi, hazina betri ya kutunza saa. Zikizimika, saa yake husimama. Zikiwashwa hulazimika kuuliza muda sahihi kutoka mtandaoni, na ili kuifikia seva ya muda zinahitaji kwanza kupata anwani yake kupitia DNS. DNS nayo inakataa kwa sababu saa si sahihi. Saa inaisubiri DNS, na DNS inaisubiri saa.

Ili kuthibitisha, andika date ndani ya seva na ulinganishe na saa ya simu yako. Kisha uulize kwa namna mbili:

dig www.tanzania.go.tz @192.168.1.10

dig +cd www.tanzania.go.tz @192.168.1.10

Alama ya +cd huiomba seva isihakiki saini. Ya kwanza ikileta SERVFAIL na ya pili ikaleta anwani, uhakiki ndio uliokwama. Weka saa kwa mkono, anzisha upya huduma, na majina yatarudi. Kwa suluhisho la kudumu, weka katika mipangilio ya muda angalau chanzo kimoja kilichoandikwa kwa namba badala ya jina. Ruta yako inaweza kutumika ikiwa inatoa huduma hiyo. Vinginevyo, funga kifaa kidogo cha saa chenye betri. Kuzima uhakiki moja kwa moja ni sawa na kung'oa kitasa kwa sababu ufunguo umepotea.

Ikiwa saa ni sahihi na tatizo bado lipo, angalia umri wa programu. Ufunguo mkuu wa mzizi ulibadilishwa tarehe 11 Oktoba 2018, na programu ya zamani ambayo haijasasishwa huweza kubaki na ufunguo usiotumika tena.

Vifaa vingine vinafanya kazi, vingine havifanyi

Hali hii huchanganya zaidi kuliko kuanguka kwa seva nzima, na ina vyanzo vinne vinavyojirudia.

Cha kwanza ni anwani ya pili ya DNS. Watu wengi huweka seva ya nyumbani kuwa ya kwanza na 8.8.8.8 kuwa ya pili, wakidhani ya pili itatumika pale tu ya kwanza inaposhindwa. Mifumo mingi haitoi ahadi hiyo. Kifaa kinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo. Matokeo yake ni matangazo yanayozuiwa leo na kuonekana kesho, na jina la printa linalopatikana asubuhi na kupotea jioni. Ikiwa unahitaji seva ya akiba, iwe ni seva nyingine ya nyumbani yenye mipangilio ileile.

Cha pili ni IPv6. Ruta inaweza kuvitangazia vifaa seva nyingine ya DNS kwa njia ya IPv6, hata kama mipangilio ya IPv4 umeiweka vizuri.

Cha tatu ni DNS iliyofichwa. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina kipengele cha DNS ya faragha, na vivinjari kadhaa huweza kutuma maswali ya majina ndani ya mawasiliano ya kawaida ya tovuti. Simu ikiwekewa seva mahususi kwa njia hiyo, huiruka seva ya nyumbani. Mzazi anayetegemea seva hiyo kuwakinga watoto anapaswa kulijua jambo hili.

Cha nne ni akiba ya kifaa chenyewe. Katika Windows ifute kwa ipconfig /flushdns, na katika Linux yenye systemd-resolved kwa resolvectl flush-caches. Kwa simu, kuiwasha upya kwa kawaida hutosha.

Kuhusu majina ya vifaa vya ndani, epuka kuyamalizia na .local, kwa sababu kiambishi hicho kilitengwa mwaka 2013 kwa ajili ya utaratibu mwingine ambao vifaa hutafutana bila seva. Kiambishi kilichotengwa rasmi kwa matumizi ya nyumbani tangu mwaka 2018 ni home.arpa, kwa mfano printa.home.arpa.

Usalama wa familia na wa wengine

Mwenye kuidhibiti DNS yako ndiye mwenye kuamua unafikishwa wapi. Mwezi Novemba 2011, mamlaka za Marekani na Estonia zilivunja mtandao wa wahalifu waliotumia programu hasidi iitwayo DNSChanger, iliyokuwa imebadilisha mipangilio ya DNS katika kompyuta takribani milioni nne duniani. Wenye kompyuta hizo waliandika majina sahihi na bado wakapelekwa kwingine. Seva za muda zilizowekwa kuwahudumia waathirika zilizimwa tarehe 9 Julai 2012, na ambao hawakuwa wamesafisha vifaa vyao wakajikuta hawafungui tovuti yoyote.

Kwa sababu hiyo, wananchi wanashauriwa kubadilisha nywila iliyokuja na ruta, kusasisha programu za ruta na seva, na kukagua mara kwa mara anwani ya DNS iliyoandikwa humo. Kivinjari kikitoa onyo kwamba cheti cha tovuti ya benki au ya Serikali si halali, usibonyeze kuendelea. Onyo hilo linaweza kuwa dalili pekee kwamba umepelekwa mahali pasipo sahihi.

Aidha, usiufungue mlango namba 53 wa seva yako kwa watu wa nje kupitia ruta. Seva inayomjibu kila anayeuliza hutumiwa na wahalifu kuzidisha mashambulizi dhidi ya wengine: wao hutuma swali dogo kwa anwani ya kughushi, nayo seva humtupia mlengwa jibu kubwa.

Ipo pia kumbukumbu ya maswali. Seva ya nyumbani inaweza kuandika kila tovuti iliyotafutwa na kila kifaa. Anayeitumia katika hosteli, nyumba ya wageni au ofisi anashika taarifa za watu wengine, hivyo anapaswa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama kumbukumbu hizo hazihitajiki, zizimwe au zitunzwe kwa muda mfupi.

Wakati wa kumwita mtoa huduma

Mtoa huduma atakusaidia haraka zaidi ukimpa taarifa kamili: saa tatizo lilipoanza, kama ping ya namba inajibiwa, kama ruta inafikika, na kama majina yanapatikana ukitumia seva yake ya DNS moja kwa moja. Malalamiko yasiposhughulikiwa na mtoa huduma, mwananchi anaweza kuyafikisha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Matukio ya kiusalama, kama kukuta mipangilio ya ruta imebadilishwa na mtu usiyemjua, yanahusu timu ya kitaifa ya kushughulikia majanga ya kompyuta, TZ-CERT, iliyo chini ya mamlaka hiyo.

Tahadhari kabla ya hatari

Kaya yenye seva ya DNS inashauriwa kuwa na mambo matano: anwani ya kudumu kwa seva, nakala ya mipangilio, betri ya akiba kwa ruta na seva, chanzo cha muda kisichotegemea majina, na karatasi iliyobandikwa karibu na ruta yenye anwani zote muhimu pamoja na maelezo mafupi ya kuirudisha ruta kwenye DNS ya mtoa huduma.

Karatasi hiyo ina umuhimu wa pekee. Mara nyingi anayeielewa seva ni mtu mmoja tu, naye huweza kuwa safarini siku majina yanapogoma. Aliyebaki nyumbani, akiwa na maombi ya mwanawe ambayo hayajatumwa na saa chache zilizosalia, hahitaji kuijua DNS. Anahitaji mistari mitatu iliyoandikwa kwa mkono unaosomeka, inayomwambia aguse wapi na aandike namba gani.